Mguu wa Kaloki na Friza Yangu

Kuna watu hapa Mtito Andei mpaka leo wanasema Kaloki alijiletea. Nikimsikia mmoja akisema hivyo ndani ya bucha yangu, kwanza naweka kisu chini, kwa sababu sitaki aogope kisu, nataka anisikize. Nafuta mikono, halafu namwambia atoke akanunue nyama kwingine. Wameshaenda wengi. Waende tu.

Mimi ni Nzomo. Bucha yangu iko upande huu wa barabara ya Mombasa, na Kaloki ni fundi wa pancha ng'ambo, pale malori yanapopumzika karibu na kituo cha petroli. Huyo Kaloki nataka umjue kabla sijakuambia alivyofanyiwa, na nilichomfanyia mimi mwenyewe. Ni mtu wa Ikutha, kule Kitui. Alivuka kuja huku mwaka wa tisini na nne akiwa na vyuma viwili vya kubandulia tairi na shati moja. Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Nunguni mwezi huo huo nikitafuta kazi ya bucha. Mtu aliyezoea ukungu wa Nunguni akiletwa kwa hili joto la Tsavo anaweza kulia, na mimi nililia. Tulikodi chumba kimoja cha mabati, tukapika kwa sufuria moja, tukaishi hivyo mpaka kila mtu akaoa.

Kazi ya pancha ni nzito kuliko watu wanavyofikiri. Tairi la trela haliachani na rimu kwa kubembelezwa. Unakanyaga chuma kwa mguu wa kulia na uzito wako wote, unaruka juu yake, unakanyaga tena, unatukana kidogo, unakanyaga tena. Mguu wa kulia ndio mashine ya Kaloki. Na mdomo wake ni mmoja. Dereva akileta tairi linalovuja, Kaloki akikuta ni valvu tu imelegea, anaikaza na kumwambia aende, hakuna pancha hapa. Kuna mafundi wanatoboa tairi wenyewe kwa msumari halafu wanaziba. Hao ndio walikuwa wakimwita mjinga, na yeye alikuwa akicheka tu huku akijipangusa grisi.

Ugonjwa wa sukari ulimpata miaka kumi na moja iliyopita. Hakuanza kuzunguka kwa waganga wala kukataa. Alimeza vidonge vyake, vile vikubwa vyeupe vinavyonuka samaki, asubuhi na jioni, miaka tisa. Ugali akapunguza mpaka ukawa wa kujaza kiganja. Chai akanywa bila sukari, na ukitaka kujua ugumu wake, wewe jaribu kumnyima Mkamba chai tamu. Halafu vidonge pekee vikashindwa. Kliniki ikamwambia aongeze insulini, ya kujidunga tumboni mara mbili kwa siku kabla ya kula.

Jina la hiyo kliniki silitaji. Wanajijua.

Siku hiyo alikuja kwangu moja kwa moja, bahasha ya kaki mkononi, amebeba hiyo chupa kama amebeba yai. "Nzomo," akasema, "hii kitu wameniambia ikae kwa baridi. Na kwangu unajua stima haijafika."

"Kwani mimi niko na friji ya nini?" nikamwambia. "Leta hapa."

Nilikuwa na friji ndogo ya kuwekea maini na soda. Chupa ya Kaloki ikapata nafasi yake kwa mlango. Kila asubuhi nikifungua bucha namkuta amesimama nje. Anaingia nyuma, anazungusha chupa kwa viganja mpaka dawa inakuwa nyeupe sawasawa kama maziwa, jinsi alivyofundishwa, anavuta, anainua shati, anajidunga, anaenda kula. Jioni vivyo hivyo. Alinizoesha mpaka nikawa nikisikia kiu ya chai ya asubuhi najua Kaloki yuko karibu kufika. Na dawa ilimkubali. Usiku akaacha kuamka mara sita kwenda choo. Macho yakarudi, akawa anasoma namba za tairi bila kuziinamia. Desemba alipimwa, sukari ikawa saba nukta nane. Sista wa kliniki akasimamisha foleni yote wampigie makofi. Watu wakapiga makofi kabisa! Alirudi hapa akitembea kama amechaguliwa kuwa chifu.

Sasa sikiza vile mambo yaliharibika, na ujiambie kama wewe ungejua.

Januari kulikuwa na mambo mawili wiki moja. La kwanza, watu wa kijana walileta mbuzi wa ntheo, wale wa kufungulia mahari, kwa Kaloki, maana binti yake Mutanu alikuwa amepata mchumba wa Mbumbuni. Ntheo haifanywi kwa maji na biskuti. Watu walikula nyama, wakanywa soda, wakaimba. Kaloki kama baba alikaa mbele, na kila mtu alimwona na sahani. La pili, stima ilipotea siku mbili, na iliporudi ilirudi kwa nguvu na kuchoma friji yangu. Ilitoa moshi, ikanyamaza. Sikutaka tena takataka ndogo. Nikachukua friza, ile ya kulala kama sanduku, inayogandisha mbuzi mzima mpaka anagonga kama mbao.

Na dawa ya rafiki yangu nikaiweka humo. Kwa mkono huu. Niliitafutia hata mahali pazuri, kwenye kona, juu ya matumbo, nikaifunga kwa nailoni isipate damu. Nilijiona mtu wa maana sana. Kama kwa baridi kidogo ilimsaidia, nikajiambia, kwa baridi kali si itamsaidia zaidi? Neno tulilopewa na kliniki lilikuwa moja tu: baridi. Hakuna mtu aliyesema baridi ya wapi mpaka wapi.

Asubuhi tukaikuta imeganda. Kaloki akaiweka kwapani mpaka ikayeyuka. Ikawa na chengachenga nyeupe zinazoshika kwa kioo, akaitikisa kwa nguvu, akavuta, akajidunga. Tukazoea. Nikifungua mlango natoa chupa kwanza naiweka juani kwa kaunta, nikimaliza kutundika nyama inakuwa tayari. Akishajidunga, inarudi ndani. Moja ilipasuka Machi, tukalaumu kioo.

Februari alienda kliniki. Kumi na saba.

Hapo kliniki hawakuiti kando. Sista anasimama mlangoni na mashine mkononi, anasoma namba mbele ya benchi lote. "Kumi na saba! Baba Mutanu, kumi na saba! Makofi ya Desemba umeyapeleka wapi?"

Kaloki akasema, "Sista, mimi najidunga vile uliniambia."

"Na ntheo? Nimesikia mlikuwa na ntheo. Soda ulikunywa ngapi?"

Benchi likacheka. Akaongezewa dawa, kutoka uniti ishirini hadi ishirini na sita. Machi, kumi na tisa. Akaongezewa. Aprili, ishirini na mbili. Akaongezewa tena, ikafika arobaini. Arobaini! Na kila mwezi maneno ni yale yale: unakula nini, unaficha nini, unamdanganya nani, hii ni afya yako si yangu. Hakuna hata mmoja, na hao ni watu wa kusoma, aliyemuuliza mtu huyu swali moja dogo: dawa yako unaiweka wapi siku hizi? Swali la pumzi moja!

Lakini ngoja, usiwarukie hao peke yao, maana sisi huku tulifanya nini? Syokau, mke wake, alianza kumpekua mifuko akitafuta mandazi. Mama wa watu, aliogopa kuwa mjane. Akawa anamnusa mdomo akirudi jioni. Mama wa hoteli alikataa kumuuzia maharagwe mpaka aonyeshe mkono mwingine hauna chapati. Madereva wakamtania: "Mzee wa sukari, leo umelamba kilo ngapi?" Kanisani mzee mmoja wa kanisa alitaja ulafi kwa maombi, hakusema jina, lakini kila mtu aligeuza shingo. Na mimi, mimi mwenye friza, nilikuwa askari mkuu. Nilimnyima supu. Nilisimama na kisu changu nikamwambia mbele ya wateja, "Kaloki, wewe utakufa kwa sababu ya mdomo."

"Nzomo," akasema, "mimi sijala kitu."

Nikamjibu, "Haya basi, sukari inaingia na upepo."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, mjinga mimi.

Na ungemwona. Suruali ilishikwa na kamba. Maji alikuwa akinywa na jagi, halafu kila baada ya gari moja anakimbia nyuma ya ukuta kukojoa, na madereva wanapiga honi. Macho yakaingia ukungu, akawa anatafuta valvu kwa kupapasa. Jioni alikuwa amechoka mpaka anakaa chini ya trela kupumzika kabla ya kuvuka barabara. Miguu akasema haisikii vizuri, kama amevaa soksi ambazo hazipo. Mtu anayekula kwa siri si angalau angenona? Hata hiyo hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza hatukuifanya.

Sasa nakuja kwa ile simu. Ningependa kuiruka, lakini nikiiruka nitakuwa nimekudanganya.

Ilikuwa mwisho wa Aprili. Kliniki ina namba yangu kwa faili ya Kaloki, kama mtu wa karibu, kwa sababu mimi ndiye natunza dawa na simu ya Syokau haina chaji siku nyingi. Sista akanipigia. Akaongea kwa heshima, "Bwana Nzomo, wewe ndiye unamwona kila siku. Tusaidie. Huyu mgonjwa anajidunga kweli? Anakula nini?"

Nilikuwa na mteja, na mteja alikuwa akisikiliza, na mimi nikajisikia nimekuwa mkubwa kwa kuulizwa na hospitali. Nikasema, "Kujidunga anajidunga. Lakini kula, sista, mimi nafikiri anakula kwa siri. Madereva humnunulia vitu."

Sikuwa nimemwona. Hata mara moja. Hata andazi moja. Nilisema tu.

"Asante," sista akasema. "Hayo ndiyo tulikuwa tunashuku."

Mei, tairi la lori la saruji lilipasuka karibu na hapa, likaletwa kwa Kaloki likiwa na nyaya za chuma zimetokeza kila upande. Waya mmoja ulipita kwa soli ya kiatu chake, ukaingia mguu wa kulia, na hakusikia. Alifanya kazi kutwa akikanyaga chuma na waya ndani ya nyama. Syokau ndiye aliyemvua kiatu nyumbani, akaona soksi imelowa damu, akapiga kelele mpaka majirani wakaja. Kidonda kikakataa kupona. Wiki ya tatu kikaanza kunuka, na vidole viwili vikageuka rangi ya ini lililolala.

Alhamisi moja ya Juni kliniki ikamwandikia barua. Jumatatu aende hospitali kubwa akaonwe na daktari wa upasuaji. Daktari wa kliniki alikuwa ameshapiga simu huko, na jibu, tuliambiwa hivyo hivyo bila hata kukalishwa, lilikuwa kwamba mguu utakatwa chini ya goti. Kutibu vidole peke yake kunataka sukari ishuke, na mtu asiyefuata masharti hashushi sukari, kwa hivyo kumhifadhia mguu ni kupoteza wakati. Kaloki alisikiza yote. Aliuliza swali moja tu: "Na nikiwa nimefuata?"

Sista akasema, "Baba Mutanu, tafadhali."

Ijumaa asubuhi alikuja kama kawaida, akiburuta mguu, nikampa chupa. Akakaa kwa kreti ya soda, akaitia kwapani. Hapo ndipo Mulki aliingia. Mulki ana duka la vitambaa na maziwa ya ngamia kando ya msikiti, mama mtu mzima, familia yao ilitoka Garissa. Alitaka maini. Akamwona Kaloki anatoa chupa kwapani na kuitikisa, akaona na barafu iliyobaki ndani.

"Wallahi, nyinyi mnafanya nini?" Mfuko ukamwanguka. "Hiyo ni insulini? Nani ameigandisha?"

"Iko kwa friza," nikasema. "Tunaiweka kwa baridi."

"Friza! Nzomo, uko na akili? Hii ikiganda imekufa! Hata ikiyeyuka imekufa, ni maji ya kutupa!" Akaichukua kwa Kaloki, akaiinua kwenye mwanga. "Ona hii takataka inaelea. Mimi najidunga mwaka wa saba. Kule nyumbani tulikuwa hatuna hata stima, tulikuwa tunaweka kwa mtungi wenye mchanga na maji, kivulini, inakaa vizuri. Friza? Nani aliwaambia friza?" Halafu akapunguza sauti. "Mzee, hii ni tangu lini?"

"Tangu Januari," Kaloki akasema.

Nilikuwa nimeshika ndoano ya nyama. Niliisikia ikinichoma mkono na sikuiachilia. Miezi mitano. Kaloki alishusha shati lake pole pole, akalichomeka ndani ya suruali. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Mtu aende amwambie Syokau," akasema. "Aambiwe saa hii."

Mimi sikwenda kwa Syokau, aliyeenda ni Mulki. Mimi nilichukua ile chupa, nikavuka mpaka kliniki na aproni yangu yenye damu, na askari wa langoni alipotaka kuniuliza kitu akaniona macho akaacha. Nikaingia kwa sista bila kubisha. Nikaweka chupa mezani.

"Hii ndiyo Kaloki amekuwa akijidunga," nikamwambia. "Imeganda. Imeganda kila siku tangu Januari, kwa friza yangu. Hakula kitu! Mlikuwa mnamwongezea maji! Sasa toa ile barua uandike ukweli."

Aliiangalia, na usoni akabadilika. Lakini mdomo wake ulisema nini? "Kwani hamkujua? Hii dawa ina karatasi yake ya maelezo."

"Karatasi iko wapi?"

Akaanza kupanga kalamu mezani.

"Nakuuliza, sista. Karatasi iko wapi? Sisi hupewa chupa ndani ya bahasha ya kaki. Boksi lake sijawahi kuona. Karatasi iko wapi?"

Akavuta katoni kutoka chini ya meza. Ilikuwa imejaa mpaka juu. Maboksi matupu, na ndani ya kila boksi karatasi imekunjwa vizuri, haijaguswa. Friji yao ni ndogo, akaniambia, maboksi hayaenei, kwa hivyo dawa zikifika wanazitoa wanapanga chupa peke yake. Katoni nzima ya karatasi za watu! Nikafungua moja. Ni Kiingereza, herufi ndogo kama chawa, lakini mimi nilimaliza kidato cha nne na nilitafuta kwa kidole mpaka nikapata. Isigandishwe. Ikiganda, itupwe. Nikamsomea kwa sauti, mlango ukiwa wazi, benchi likisikia. Nikamsomea mara ya pili. Nilipiga kelele, sikatai. Nilimwambia walimwaibisha mtu mzima mbele ya watu, walimfanya mke wake amnuse kama mwizi, na sasa wanataka kumkata mguu unaomlisha kwa sababu ya uvivu wao wa kusema maneno mawili. Nilimwambia afute kila neno baya waliloandika juu ya Kaloki.

Hakunijibu kwa kelele. Alifungua faili, akaigeuza upande wangu, akaweka kidole.

Ilikuwa Kiingereza pia, nakupa kwa lugha tunayosikizana. Mgonjwa hafuati masharti ya chakula. Anakana. Rafiki yake wa karibu, mwenye bucha, anayemwona kila siku, amethibitisha kwamba anakula kwa siri. Chini yake tarehe ya Aprili. Na kwa ile barua ya hospitali kubwa, sentensi hiyo hiyo, imenakiliwa nzima.

"Hadi ulipothibitisha," sista akasema, "daktari alikuwa bado anataka kumpima mambo mengine."

Hasira yote niliyokuja nayo ilikosa mahali pa kwenda. Ilibaki hapa kifuani, na iko hapa.

Faili haifutwi, waliniambia. Daktari wa kliniki akaja, akaandika mstari mwingine chini, kwa faili na kwa ile barua: dawa iligandishwa miezi mitano, mgonjwa hakuelezwa namna ya kuihifadhi. Sista akatia sahihi pia. Hilo nampa, angeweza kukataa. Daktari akatoa chupa mpya, akarudisha kipimo hadi ishirini, akanishika bega na kuniambia tukithubutu kumdunga arobaini ya dawa nzima tutamzika. Fikiria basi. Kama Mulki asingekuja kununua maini, na siku moja stima ikapotea kabla chupa mpya haijaganda, tungemuua Kaloki kwa dawa nzuri.

Jumatatu nilienda naye. Syokau alikaa upande mmoja, mimi upande wa pili. Daktari wa upasuaji, kijana mpole, alifungua barua na kwa wema wake akaamua kutusomea kwa Kiswahili ili tuelewe wote. Akasoma mstari wa kwanza. Akafika kwa rafiki wa karibu, mwenye bucha. Akasoma yote. Syokau aligeuka akaniangalia. Kaloki hakugeuka. Alikuwa ameweka mikono kwa magoti, anaangalia mguu wake. Halafu daktari akasoma mstari wa pili, akausoma tena kimoyomoyo.

"Mzee," akamwambia, "kumbe umekuwa ukijidunga wakati huu wote?"

"Kila siku," Kaloki akasema.

"Basi tujaribu kwanza."

Walimlaza, wakampa dawa iliyo hai. Siku ya nne sukari ilikuwa kumi na moja, siku ya tisa ikawa nane. Walikata vidole viwili na kipande cha nyama iliyokufa. Mguu ulibaki. Lakini haukanyagi chuma tena na hautakanyaga. Trela anamwachia fundi mwingine, yeye anaziba tyubu akiwa ameketi, na mtu aliyekuwa akiruka juu ya chuma kutwa, kukaa kunamuuma kuliko kidonda. Mutanu aliolewa Agosti, na baba yake aliingia kanisani na mkongojo. Dawa yake sasa iko kwa Mulki, kwa friji ya soda, rafu ya katikati. Asubuhi nafungua bucha na hakuna mtu nje.

Nilikaa wiki nyingi kabla ya kuvuka barabara. Siku niliyovuka nilimkuta peke yake, ana tyubu mapajani, anasugua mahali pa kubandika kiraka. Akanisogezea kreti nikakaa.

"Kaloki, nisamehe," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa friza."

"Friza nilikusamehe pale pale kwa bucha. Kwani ulijua?" Akapaka gundi, akaipuliza ikauke. "Ulikuwa unanisaidia."

Lori likapita, tukangoja vumbi lishuke.

"Na ile simu," nikasema.

Aliweka kiraka, akakikandamiza kwa kidole gumba, akakishikilia hapo muda mrefu, na hakuniangalia.

"Dawa hukuijua, Nzomo," akasema. "Lakini mimi ulinijua."